Mguu Uliokataa Kushikwa

Haya niliyapata kwa Benedetta wa Mundika, mwaka wa sabini na nane, siku mvua ilipotufungia sokoni Busia kutoka saa nne hadi jioni. Mambo yenyewe yalikuwa ya mwaka uliotangulia. Benedetta alikuwa pale pale kwenye mdomo wa shimo, kwa hiyo kama kuna chumvi humu, ni yeye aliyeitia, si mimi.

Jumamosi iliyopita tulimwacha Okwara, mchimba visima, mahali pabaya. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya shimo la wanawake, lile linaloingia ubavuni mwa kilima kama tundu la mhanga, koroboi mbele ya pua, kamba imefungwa miguuni. Mama mkwe wake, Apeduno, aliingia humo asubuhi kumchimbia binti yake udongo wa kula. Rael, mke wa Okwara, alikuwa na mimba ya miezi minane na hakutaka kitu kingine duniani. Udongo wa juu ukaanguka, Apeduno akabaki ndani.

Okwara akafukua udongo, akatambaa, akapapasa, akashika kisigino. Akavuta.

Na kisigino kikajivuta, kikarudi ndani!

Wiki nzima mmebishana. Huyu anasema ni mzimu, yule anasema maiti imeamka. Hakuna mzimu hapa. Ilikuwa aibu tu.

Apeduno, kabla ya kuingia, alivua gomesi yake mpya, vazi refu la wanawake, akaitundika kichakani isipate matope. Mwilini alibaki na shimizi peke yake, tena shimizi yenyewe imepasuka ubavuni. Sasa anasikia mwanamume anapumua nyuma yake, na anajua vizuri ni nani: mume wa binti yake!

Kama wewe ni msomaji wa mbali, sikiliza. Kwa Wateso wa Chakol, alikotoka Apeduno, na kwa Wakhayo wa Mundika, alikozaliwa Okwara, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawaangaliani usoni, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa mahindi hadi mwenzake apite. Miaka mitatu ya ndoa, na Okwara hakuwa anajua kama mama mkwe wake ana mwanya au hana. Mgongo wake ndio alioujua, maana ndio aliokuwa akiuona ukienda zake.

"Mama Benedetta!" akaita kuelekea nyuma. "Yuko hai! Amenipiga teke!"

Nje vigelegele vikapasuka.

"Muulize ameumia wapi!" Benedetta akajibu.

Mama mkwe alikuwa mbele ya Okwara hatua mbili. Benedetta alikuwa nyuma yake hatua nane.

"Muulize wewe!" akasema.

Benedetta, mjane mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya mto Sio, akaingiza kichwa. "Apeduno! Mkwe wako anauliza umeumia wapi! Maskini, anatetemeka kama kuku wa mvua!"

"Hiyo ya kuku sikusema," Okwara akanung'unika.

Kutoka gizani ikaja sauti nyembamba, ya heshima kabisa, kama ya mtu aliyeketi kanisani. "Dada Benedetta, mwambie huyo aliye hapo kwamba sijaumia. Mwambie atoke. Aje mtu mwingine."

"Okwara! Anasema hajaumia! Utoke, aje mwingine!"

"Nimesikia, mama. Mwambie hakuna mwingine."

Na kweli hakukuwa na mwingine. Benedetta mwenyewe hangepita hata bega moja. Rael na tumbo lake, wacha tu. Mwanamume wa pili pale nje alikuwa Japheth, dereva wa lori la saruji lililokwama siku ya nne kwenye foleni ya mpakani, hapo barabarani, mteja wa chapati za Benedetta. Japheth alikuwa amejaribu mara mbili. Mara zote mbili kichwa kilikubali, mabega yakakubali, tumbo likakataa.

"Kama hakuna mwingine," ile sauti ikasema, "dada, mwambie nitangoja."

"Utangoja nini?"

"Mwanamke mwembamba."

Halafu Apeduno akafanya kosa ambalo Mzungu hangefanya, wala mtu wa Mombasa. Ndani ya shimo, mbele yake, wanawake walikuwa wamechimba hadi wakapata chumba kidogo, mtu anaweza kuketi. Apeduno akaona akijikokota mpaka humo, aketi, akunje miguu, ageuze uso ukutani, heshima yake itakuwa imepona.

Akajikokota.

Lile jiwe bapa lililokuwa linashikilia mlango wa chumba lilikuwa linangoja mtu alisukume tu. Likashuka.

Mlio wake Okwara aliusikia kwa tumbo, si kwa masikio. Vumbi likamjaa mdomoni. Koroboi ikayumba, ikasimama.

"Mayi we!" Apeduno akalia, yaani mama wee. Hakumlilia Benedetta wala mtu yeyote. "Mguu wangu!"

Jiwe lilikuwa limeziba nusu ya mlango na kukalia kifundo cha mguu wake wa kushoto. Juu yake palibaki nafasi ya viganja viwili. Okwara akasogeza koroboi. Ndipo akaona kitu kibaya kuliko jiwe.

Mwali ulikuwa umepungua. Asubuhi ulikuwa mrefu kama kidole. Sasa ulikuwa kama punje ya mahindi.

Msomaji, mchimba visima haogopi giza, haogopi maji. Anaogopa mwali ukianza kuinama bila upepo. Maana yake hewa imekwisha kazi, na anayeendelea kukaa hapo anasinzia, kisha haamki tena.

Akarudi kinyumenyume haraka hata viwiko vikachunika. Alipofika nje, jua la saa tano likampiga macho.

"Jeki!" akasema. "Dereva, una jeki?"

"Lori bila jeki ni gari gani?" Japheth akasema, tayari anakimbia kwenda barabarani.

Rael alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, mikono juu ya tumbo. Hakulia. Alimtazama mumewe kutoka kwa nywele mpaka kwa vidole, amejaa udongo mweupe kama mtu aliyeoka mkate.

"Mama yuko hai?"

"Yuko hai."

"Kwa nini umetoka na yeye bado yuko ndani?"

"Hataki nimwone. Anajificha."

"Okwara." Rael alizungumza polepole. "Huo udongo ni mimi niliulilia. Jana nililia kama mtoto mpaka akasema ataenda mwenyewe. Ukirudi bila mama yangu, usirudi."

Japheth akafika, jeki begani, anahema. Okwara akaikumbatia kama mtoto mchanga, akaingia tena.

"Fundi!" Japheth akamwita. "Kwetu Machakos mama mkwe tunamsalimia na mkono! Tunamletea sukari!"

"Wewe nyamaza na sukari yako, shika kamba!" Benedetta akamfokea.

Ndani, mwali ulikuwa sasa kama punje ya mtama.

"Mama Benedetta," Okwara akaanza, "mwambie jeki iko hapa. Mwambie upande wangu ni matope, jeki itazama. Upande wake ni mwamba. Nitaipitisha juu ya jiwe, aiweke yeye."

Benedetta akapeleka habari. Lakini Benedetta hajawahi kupeleka habari bila kuivalisha. "Apeduno! Mkwe anasema amekuletea jeki ya lori zima! Anasema wewe ni mwanamke wa nguvu, ulizaa watoto saba, hiki kijiwe ni nini? Anasema..."

"Dada, mwambie sijui hicho kitu."

"Okwara! Anasema hajui jeki! Na mimi nakwambia hata mimi siijui! Dereva, hebu mweleze Okwara amweleze..."

Mwali ukainama.

Okwara akautazama. Akahesabu moyoni maneno yanayotoka kwake kwenda kwa Benedetta, yanavalishwa, yanarudi kwa Apeduno, yanatoka tena. Kabla hawajamaliza kuelewana kuhusu parafujo moja, wote wawili watakuwa wamelala.

Mbele yake, kando ya jiwe, palikuwa na kikapu cha Apeduno, nusu kimejaa udongo.

Akakohoa.

"Wewe kikapu," akasema.

"Kikapu, nakuambia wewe. Sizungumzi na mtu. Mwambie mwenyewe aliyekusuka kwamba hewa humu inakwisha. Taa inakufa. Hatuna nafasi ya kumtuma Mama Benedetta."

Upande wa pili, mtu akasafisha koo.

"Wewe jembe," sauti ikasema. "Mwambie aliyekutengeneza mpini kwamba nimesikia."

Jembe lile alilochimbia Apeduno, kwa kweli, ni Okwara aliyelitia mpini. Akacheka bila kutaka, akajikuta anakohoa vumbi.

"Kikapu, mwambie apokee hiki chuma. Ni kizito, kisimwangukie vidole."

Mikono miwili ikatokea juu ya jiwe. Okwara akafumba macho kwa heshima, na kwa hiyo karibu amwangushie jeki kichwani.

"Jembe! Mwambie afumbue macho, ataniua!"

"Kikapu, mwambie samahani."

Akamweleza. Weka chini ya ukingo wa jiwe, pale palipo na mwamba. Chomeka chuma kwenye tundu. Bonyeza chini, inua, bonyeza. Akasikia kwi, kwi, kwi.

"Jembe, mwambie haipandi."

"Kikapu, mwambie aongeze nguvu."

Kwi, kwi, kwi, kwi.

"Jembe, mwambie nguvu ninazo tangu kabla hajazaliwa. Haipandi!"

Okwara akajipiga paji la uso. Alikuwa amesahau. "Kikapu! Chini pembeni kuna parafujo ndogo. Aikaze kwanza, kama kufunga mfuniko wa chupa. Ikiwa wazi, jeki inakula nguvu bure."

"Sasa hiyo si ungesema mapema, wewe kijana!" Apeduno akafoka, na hapo jembe likasahauliwa kabisa.

Kwi. Kwi. Jiwe likalia. Likapanda unene wa kidole. Likapanda upana wa kiganja.

"Mguu umetoka!"

"Ongeza, mama! Ongeza hadi upite chini yake!"

Ndiyo, alisema "mama". Bila kikapu. Benedetta alisikia huko nje akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Kwi. Kwi. Kwi. Sasa chini ya jiwe palikuwa na mlango wa mtu kupita kwa tumbo. Okwara akanyoosha mkono kusogeza koroboi apate kuangalia kama jeki imekaa sawa.

Na koroboi ikazimika.

Hakuna aliyeipuliza. Giza likawa zito hata ungeweza kulikata vipande ukauza.

"Kijana," Apeduno akasema.

"Naam."

"Hiyo taa imezimika yenyewe?"

"Yenyewe."

"Kwa hiyo hunioni."

"Sioni hata pua yangu."

"Sema kweli mbele ya Mungu."

"Kweli, mama. Lakini usifurahi sana. Kilichoizima kitatuzima na sisi."

Apeduno akafikiri. Mwanamke mwingine angelia. Yeye alikuwa anapanga mambo yake. "Giza ni sawa," akasema. "Lakini huko mbele kuna jua. Nitatoka vipi na shimizi iliyopasuka? Nipe shati."

"Mama, hewa!"

"Nipe shati, ndiyo twende."

Jaribu, msomaji, kuvua shati ukiwa umelala kwa tumbo ndani ya tundu linalokubana mabega. Okwara alijipinda kama nyoka anayebadilisha ngozi. Kifungo kimoja kikaruka. Kichwa kikaanza kumuuma, masikio yakaanza kuimba, na kope zikawa nzito kana kwamba mtu ameziwekea mawe madogo. Akajua ni ile hewa. Akasukuma shati chini ya jiwe.

"Linanuka," Apeduno akasema.

"Vaa, mama."

"Nimevaa. Limenibana mkono mmoja."

"Lala kwa tumbo. Toa kichwa huku. Nipe mikono."

Mikono haikuja.

"Mama?"

Okwara akapapasa chini ya jiwe.

"Mama Apeduno!"

Alikuwa amemwita jina! Kwa jina lake, kama anayemwita mtoto wa jirani! Na lile jina likafanya kazi ambayo sala hazingefanya. Apeduno, aliyekuwa ameanza kusinzia, akashtuka kwa hasira.

"Nani ameniita hivyo?"

"Ni mimi! Nipe mikono, utanipiga faini ukitoka!"

Mikono ikaja gizani, baridi, imejaa udongo. Okwara akaishika kwenye vifundo. Na yeye akashikwa, kwa nguvu za mtu aliyekamua ng'ombe miaka arobaini. Akapiga kamba kwa mguu mara tatu.

Kamba ikakaza.

Huko nje Japheth, Benedetta na majirani wanne waliofika mbio kwa zile kelele walivuta kama watu wanaotoa lori matopeni. Okwara akateleza nyuma, tumbo linachanika kwa changarawe, mama mkwe anamfuata pua kwa pua. Miguu ya Apeduno ilipopita tu, mmoja wake ukagusa jeki. Jeki ikalala. Jiwe likaanguka, na kilima chote kikaketi juu yake.

Upepo wa vumbi ukawasukuma kama risasi.

"Jeki yangu!" Japheth akalia, lakini hakuachia kamba. Kwa hilo Benedetta alimsamehe maneno yake yote ya sukari.

Mwanga ukaanza kuonekana, wa kijivu kwanza.

"Fumba macho!" Apeduno akaamuru.

"Nimefumba!"

"Kaza!"

Benedetta, kwa upande wake, alikuwa amejipanga. Aliwaamuru wanaume wote wageuke, wavute huku wanaangalia mahindi. Yeye akasimama mdomoni mwa shimo, gomesi mkononi, tayari kumfunika Apeduno asionwe na jua wala binadamu. Vumbi lilikuwa limemjaa machoni, na kichwa cha kwanza kilipochomoza, chenye vumbi jeupe, hakuuliza cha nani. Akarusha.

Gomesi ikamfunika Okwara, mabega, kichwa, kila kitu.

Na hivyo ndivyo walivyokutwa wawili hao, majirani walipogeuka: mkwe amevaa gomesi ya mama mkwe, mama mkwe amevaa shati la mkwe, wameshikana mikono, wote wawili wamefumba macho kama watoto wanaocheza, na hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuachia.

Rael ndiye aliyewaachanisha, kidole kimoja kimoja. Hapo ndipo alipolia.

Lakini mambo hayakuisha. Apeduno alisimama, akaushusha ule mguu uliovimba, akasema "Mimi ni mzima kabisa," akaanguka.

"Hewa mbaya," Okwara akasema kutoka ndani ya gomesi. "Alale! Apate upepo!"

Japheth hakungoja mara ya pili. Akamwinua kama gunia la saruji, akakimbia naye hadi nyumba ya karibu, akasukuma mlango kwa kisigino, akamlaza kitandani taratibu, akafungua dirisha. Akatoka anajipangusa jasho, anatabasamu.

Hakuna aliyetabasamu naye.

"Dereva," Benedetta akasema kwa sauti ya msibani. "Umemlaza wapi?"

"Hapo ndani."

"Hiyo ni nyumba ya Okwara."

"Ndiyo. Iko karibu."

"Hicho ni kitanda cha Okwara."

"Kizuri. Kina godoro."

Benedetta akaketi chini. Mama mkwe kulala kitandani kwa mkwe! Kondoo mmoja hatatosha kusafisha jambo kama hilo. Watu wengine wangetaka nyumba yenyewe ibomolewe.

"Tumwamshe," jirani mmoja akasema.

"Atakayemgusa mama," Rael akasema, "nitamzalia hapo hapo miguuni." Akaingia, akakaa karibu na mamake, akampangusa uso kwa maji. Apeduno akafumbua jicho moja, akapumua vizuri, akauliza kitu kimoja tu.

"Yule kijana wa visima amekula?"

Okwara, nje chini ya dirisha, alisikia. Akajibu akiwa amegeukia ukuta. "Mwambie bado, lakini atakula."

"Mwambie ale," Apeduno akasema, akalala. Rael akalala kando yake, mkono juu ya tumbo. Benedetta akabaki kwenye kiti kulinda mlango dhidi ya aibu, na baada ya nusu saa aibu ingeweza kuingia na kutoka mara kumi, maana alikuwa anakoroma.

Okwara akajinyoosha chini ya ghala la mahindi, gomesi bado begani. Saa tisa ya mchana. Mwili wote uliuma. Hata hivyo alikuwa anacheka peke yake.

Japheth akaja, akachuchumaa karibu. "Fundi, usihofu kitu. Nimekusaidia tena."

"Umenisaidia nini?"

"Mama si ana mume huko Chakol? Wanamwita Mzee Olinga? Kuna mwenzangu alikuwa anapeleka lori Malaba. Nimemtuma apite sokoni Chakol, amtafute mzee, amwambie asiwe na wasiwasi."

Okwara akafumbua macho. "Asiwe na wasiwasi kuhusu nini?"

"Kuhusu mkewe. Nimesema amwambie hivi: mama amelala salama, kitandani kwa mkwewe, amevaa shati la mkwewe."

Okwara akajaribu kuinuka. Mikono ikakataa.

"Lori limeondoka lini?"

"Imepita saa moja sasa. Na mwenzangu amesema kama mzee ana haraka, atamleta mwenyewe akirudi, pamoja na wazee wengine wakitaka. Nafasi nyuma iko." Japheth akapiga miayo, akajilaza kivulini, akafunika uso kwa kofia. Pumzi mbili, akawa amelala.

Okwara akabaki anatazama barabara. Lori lilisikika mbali, likija kutoka upande wa Malaba, linabadilisha gia kwenye mteremko. Alijua inampasa ainuke, avue gomesi, amwamshe mtu, akimbie. Akapanga atahesabu hadi kumi, kisha ainuke.

Akafika sita, usingizi ukamchukua.